Gunia la korosho na sindano iliyorukwa: kisa cha utitiri wa masikio kwa sungura wawili wa Mtwara

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mei niliitwa katika nyumba moja ya Chikongola, Manispaa ya Mtwara Mikindani, kumtazama sungura jike mweupe wa binti wa miaka tisa, ambaye kwa maneno ya mama mwenye nyumba alikuwa "ameota magome masikioni". Maelezo hayo yalikuwa sahihi kuliko mengi ninayoletewa. Ndani ya sikio la kushoto yalikuwamo magamba ya rangi ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, makavu kwa juu na yenye unyevu kwa chini, yamepangana kama gome la mkorosho mzee, na sikio lenyewe lilikuwa limelala upande kwa uzito. Sikio la kulia lilikuwa na magamba machache, chini kabisa karibu na tundu. Sungura alitikisa kichwa kila baada ya muda mfupi na kujikuna kwa mguu wa nyuma, kiasi kwamba manyoya ya kisogoni yalikuwa yamekwisha na ngozi imechubuka.

Ukurutu wa masikio, unaoletwa na wadudu wadogo waitwao utitiri, ni miongoni mwa maradhi ya kawaida kabisa ya sungura, na tiba yake inajulikana. Kilichonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu ni kwamba ulitibiwa, ukapona, kisha ukarudi, na uliporudi kila mtu alikuwa tayari kuilaumu dawa, nami nikiwa wa kwanza.

Sungura walikuwa wawili, wote majike, wakiishi katika banda moja la fito za mianzi chini ya upenu wa jiko. Mweupe aliitwa Pamba, alinunuliwa Masasi miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Mweusi, mdogo kidogo, aliitwa Kaniki na alitoka kwa jirani. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la mbao la kulalia, na ndani ya kila sanduku kulikuwa na nusu ya gunia la juti, lile la kubebea korosho, ambalo baba wa nyumba alilikata katikati ili wagawane. Naomba msomaji alikumbuke gunia hilo.

Kabla sijaitwa, mama alikuwa amejaribu tiba yake. Nyumba nyingi za huku hazikosi mfuko wa salfa ya unga iliyobaki msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, naye alichukua kijiko kimoja, akakikoroga katika mafuta ya nazi, akamimina masikioni. Kujikuna kulipungua kwa muda wa wiki moja hivi. Sioni sababu ya kumcheka, kwa maana marhamu ya salfa imetumika kwa muda mrefu kutibu upele wa binadamu, na mafuta yoyote yakiingia sikioni huwanasa na kuwakosesha hewa baadhi ya wadudu. Nafuu aliyoiona ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, utitiri huu haukai sikioni peke yake. Baadhi hutembea mpaka kichwani, shingoni, hata chini ya mkia, ambako mafuta hayakufika. Tena salfa ya shambani ni unga mkali ambao sungura huuvuta puani na kuulamba anapojisafisha manyoya, na yeyote aliyewahi kusimama upande unakoelekea upepo wakati wa kupuliza mikorosho anajua macho yanavyowaka.

Kosa lililomuumiza Pamba lilikuja baadaye. Mama alipoona magamba yamelainika kwa mafuta, aliyabandua kwa kijiti cha pamba, na chini ya magamba hakuna ngozi nzima: kuna nyama mbichi. Damu ilitoka, sungura akapiga ukelele, na tangu jioni ya siku iliyotangulia ujio wangu alikuwa hagusi matembele wala nyasi. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko masikio. Utumbo wa sungura unapaswa kusukuma chakula wakati wote, na akikaa nusu siku bila kula, huanza kusimama. Sungura wengi wanaosemekana kufa kwa ukurutu hufa kwa njia hiyo, kwa maumivu yaliyowazuia kula. Vinyesi vilivyokuwa sakafuni vilikuwa vidogo, vigumu na vichache. Kwa hiyo jambo la kwanza nililolifanya, kabla ya kugusa habari ya wadudu, lilikuwa kumpa dawa ya maumivu kulingana na uzito wake na kumwekea majani mabichi yaliyoloweshwa. Baada ya saa tatu hivi alianza kutafuna.

Utambuzi haukuwa mgumu. Nilichukua kipande cha gamba kutoka ukingoni, palipokuwa pameachia, nikakiweka juu ya mfuniko mweusi wa ndoo na kuuweka juani. Baada ya dakika moja au mbili vidoa vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vilianza kutoka kwenye gamba na kutambaa. Binti aliviona kabla yangu. Siku ya Jumatatu nilikitazama kipande kingine kwa hadubini na kukuta wale niliowatarajia: mwili wa yai, miguu mirefu inayotokeza nje ya mwili, na mwishoni mwa miguu vikonyo vyenye viungo na kikombe kama tarumbeta. Huyo ndiye Psoroptes cuniculi, utitiri usiochimba ngozi. Hukaa juu yake na kuikera mpaka itoe majimaji, na majimaji hayo yakikauka pamoja na ngozi iliyokufa na kinyesi cha wadudu ndiyo magamba tunayoyaona.

Ilinibidi kuondoa mengine machache akilini. Utitiri unaochimba, ambao ni wa jamii ya upele, huanzia puani, midomoni, kwenye kingo za masikio na vidoleni. Pua na vidole vya Pamba vilikuwa safi. Utitiri wa manyoya huleta mba mweupe mgongoni, ambao ukitazamwa vizuri unaonekana kama unatembea; mgongo wake haukuwa na mba. Fangasi huacha mabaka ya mviringo. Nilimtazama pia kichwa kama kimeinama upande mmoja, kwa sababu uambukizo ukishavuka na kuingia sikio la kati, hesabu hubadilika kabisa. Kichwa chake kilikuwa kimenyooka. Mama aliuliza kwa sauti ya chini kama mikono ya binti, iliyokuwa na vipele vichache, ndiyo ugonjwa wenyewe. Nilimjibu kwamba utitiri huu wa masikio hauishi kwa binadamu, tofauti na ule wa upele ambao unaweza kumpata mtu kwa muda, na kwamba vipele vile, nilivyoviona mimi, vilikuwa vya mbu.

Kisha kukawa na mazungumzo ambayo nayakumbuka vyema. Nilipotaja jina la dawa, mama alisema, "Daktari, hiyo si ndiyo ile ya kingatiba, tunayogawiwa ya matende na mabusha? Mimi ninavyo viwili ndani." Alikuwa sahihi. Ivamektini ni dawa ileile, iliyotokana na bakteria wa udongoni, na waliofungua njia yake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Kutokana na usahihi huo ndipo hatari inapozaliwa, kwa sababu mtu mwenye dawa sahihi mkononi hukosea kipimo kwa kujiamini. Kidonge kimoja kina miligramu 3. Pamba alihitaji chini ya miligramu 1. Angepewa kidonge kizima angepata zaidi ya mara tatu ya kipimo chake, na kumega theluthi ya kidonge kidogo vile kwa kisu cha jikoni ni kubahatisha. Nilimwomba avirudishe kwa mhudumu wa afya, na kwa haki yake, alicheka na kukubali.

Uzito hatukuukadiria kwa macho. Tulikwenda kwa muuza mchele wa jirani, tukapima kapu tupu, kisha kapu likiwa na sungura, tukatoa: Pamba kilo 2.4, Kaniki kilo 1.9. Kipimo nilichokitumia ni miligramu 0.4 kwa kila kilo, chini ya ngozi ya mgongoni kati ya mabega. Dawa ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, hivyo Pamba alistahili mililita 0.096, yaani takribani 0.1, na Kaniki takribani 0.08. Kiasi kidogo namna hiyo hakipimiki kwa bomba la sindano la mililita 5 linalotumika kwa mbuzi. Nilitumia bomba la insulini lenye uniti 100 katika mililita moja, na hapo hesabu huwa nyepesi: uniti 10 kwa mmoja, 8 kwa mwingine. Dawa yenyewe ni nzito kama glisirini na huingia polepole kwenye sindano nyembamba, kwa hiyo huhitaji subira. Chupa ya mililita 50 ingetosha sindano 500 za sungura mwenye uzito wa Pamba. Ndiyo sababu siwashauri wenye sungura wawili wakanunue chupa yao, kwani itakaa kabatini na kuwashawishi.

Nilitoa pia makatazo manne. Magamba yasibanduliwe, yataanguka yenyewe. Sungura asiogeshwe, kwa kuwa maji humtia mshtuko na baridi. Asiwekewe matone ya viroboto ya mbwa yenye fiproni, ambayo yamewaua sungura. Wala asipewe penisilini ya kunywa kwa ajili ya kidonda, kwa sababu huharibu bakteria wema wa utumbo wake na inaweza kumuua kwa kuharisha. Jirani aliyekuwa akisikiliza ukutani alipendekeza kwamba mnyama mwenye gharama hivi achinjwe tu. Nilimwambia kwamba ameshachomwa dawa, na lebo ya chupa, iliyoandikwa kwa ajili ya wanyama wakubwa, inataka wiki kadhaa kabla nyama haijaliwa. Akanyamaza.

Mwisho wa yote niliagiza banda limwagiwe maji ya moto, likaushwe juani, na magunia yachomwe. Utitiri huu ukianguka nje ya mwili wa sungura unaweza kuishi mpaka wiki tatu hali ya hewa ikiupendeza, na hali inayoupendeza ni ubaridi na unyevunyevu, ambao pwani yetu huupata hasa kusi linapovuma.

Siku ya tano magamba yalikuwa yamekauka na kuanza kuachia. Siku ya tisa binti alinipigia kwa simu ya mama yake kunijulisha kwamba "gome lote" la sikio la kushoto limeanguka lenyewe sandukuni. Siku ya 14 nilirudi kwa sindano ya pili na kukuta ngozi ya waridi, laini, yenye vinyweleo vipya. Dozi ya pili ni ya lazima kwa sababu ivamektini haiui mayai. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na tangu yai mpaka mdudu mzima wa kutaga mengine hupita takribani wiki tatu, kwa hiyo sindano ya pili huwakuta waliotoka mayaini kabla hawajaanza kutaga.

Kaniki hakuwepo siku hiyo. Shule zilikuwa zimefungwa, na siku mbili kabla yake binti alikwenda Mikindani kwa bibi yake, kilomita kama kumi kutoka mjini, akaenda na sungura mmoja kwa kuwa kapu halikuwatosha wawili. Mama aliniambia hivyo bila kuficha. Nilimchoma Pamba, nikaona kwamba Kaniki hata hivyo hakuwahi kuonyesha dalili, na katika daftari langu nikaandika: *sungura 2, dozi ya pili, imekamilika*. Mstari huo ninao hadi leo.

Siku ya 60, mwishoni mwa Julai, mama alipiga simu. Pamba alikuwa akitikisa kichwa tena na sikio la kushoto lilikuwa na gamba dogo, la ukubwa wa mbegu ya ufuta. Alitanguliza hitimisho lake: dawa ni feki. Mimi nilikuwa na langu, la kitaalamu zaidi na lisilo na ushahidi zaidi: utitiri umekuwa sugu.

Nilipokaa na kupanga sababu zinazowezekana, zote mbili hazikusimama. Dawa ingekuwa feki, magamba ya siku ya kwanza yasingekauka katika siku tano wala ngozi isingepona katika 14. Wadudu wangekuwa sugu, tungeona nafuu ya nusunusu tangu mwanzo: magamba yanapungua lakini hayaishi, kujikuna kunatulia kisha kunarudi ndani ya wiki mbili. Hapa palikuwa na usafi kamili, kisha kimya cha zaidi ya mwezi, kisha gamba moja dogo. Nilipima uzito upya, nikapiga hesabu ya kipimo upya, navyo vilikuwa sahihi. Kilichobaki ni kwamba wadudu hawa hawakutokana na waliosalia kwa Pamba. Waliletwa.

Nani alikuja na wadudu? Binti alirudi mwanzoni mwa Julai shule zilipofunguliwa, takribani siku ya 37. Kutoka siku ya 37 mpaka 60 ni siku 23, karibu kizazi kimoja kizima cha utitiri. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi nilijua jibu kabla ya kumgusa Kaniki. Kwa nje masikio yake yalikuwa meusi, yanang'aa, hayana kasoro hata moja, kama yalivyokuwa mwezi Mei. Lakini mwezi Mei nilimmulika kwa tochi ya simu tu. Safari hii nilikwenda na kifaa cha kuangalizia masikio nilichoazima, na chini kabisa, mahali ambapo tochi ya simu haifiki kwa sababu tundu la sikio la sungura hukata kona, palikuwa na vipande vya kahawia na vidoa vyeupe vinavyotembea juu yake.

Bado sindano ya kwanza alikuwa ameipata. Kwa hesabu ya kawaida ilipaswa kuwapunguza sana, ingawa isingeyagusa mayai. Nilitaka kujua kama kulikuwa na chanzo kingine, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Mikindani siku iliyofuata nilipitia kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Yule sungura mweusi alipokuwa hapa alilala wapi?"

"Marahaba baba. Alilala kwenye kigunia chake, alikuja nacho kutoka huko mjini. Nikamwekea jikoni humu, maana nje kusi linavuma."

Nusu ya gunia la Pamba ilichomwa moto siku ileile niliyoagiza. Nusu ya Kaniki haikuchomwa. Binti, nilipomuuliza mbele ya mama yake, aliangalia chini na kusema kwamba aliitoa motoni kwa sababu Kaniki hakuwa mgonjwa na gunia lake halikuwa na ugonjwa. Mama alitaka kumkaripia. Nilimsihi asifanye hivyo, kwa kuwa mtoto alitumia mantiki ileile niliyoitumia mimi nilipoandika neno "imekamilika". Tofauti ni kwamba mimi nalipwa kwa kazi hiyo.

Basi picha nzima ilikuwa hivi. Kaniki alibeba utitiri tangu mwanzo, wachache na wa ndani, bila kujikuna. Sindano ya kwanza iliwaua wengi wao. Mayai yakabaki, na wengine wakabaki katika nyuzi za juti. Mnyama na gunia lake walikaa Mikindani zaidi ya wiki tatu kwenye jiko lenye kivuli, bila dozi ya pili, kisha wakarudishwa pamoja katika banda la sungura aliyekwisha kupona. Dawa haikuhusika katika kurudi kwa ugonjwa.

Tiba ya awamu ya pili ilikuwa dawa ileile, kipimo kilekile, kwa wote wawili siku moja, mara tatu: siku ya kwanza, ya 14 na ya 28. Ya tatu niliiongeza kwa sababu sikutaka tena kutegemea kumbukumbu za watu kuhusu nani alilala wapi. Gunia lilichomwa nikiwa nimesimama pale. Masanduku ya mbao yalimwagiwa maji yanayochemka, yakaanikwa juu ya bati kwa wiki tatu, na muda wote huo sungura walilala ndani ya maboksi ya karatasi ambayo binti aliyabadilisha kila baada ya siku tatu na kuyachoma. Fito za mianzi za banda ndizo zilizonisumbua, kwa kuwa kila pingili ina ufa. Baba wa nyumba aliamua kuzing'oa na kuweka wavu, jambo ambalo nisingethubutu kumwomba.

Mwishoni mwa Agosti, siku ya sindano ya tatu, niliyatazama masikio yote manne kwa kifaa kilekile na sikuona kitu. Niliyatazama tena katikati ya Septemba na kuyakuta safi. Binti ana daftari lake sasa, lenye safu mbili, moja imeandikwa Pamba na nyingine Kaniki, na siku ya sindano ya tatu alikataa kuweka alama kwenye safu ya Kaniki mpaka alipoona sindano imeingia. Sikio la kushoto la Pamba limebaki na ncha iliyokunjamana mahali gamba lilipobanduliwa kwa kijiti, na bado linalala kidogo upande anapokuwa amesinzia.